SOMO LA TEHAMA: Tundu la Mtandao Liitwe kwa Mahali Lilipo, Si kwa Zamu ya Kuamka

Stima inapotea saa nane mchana. Inaporudi baada ya dakika kumi, taa za seva zinawaka, feni inazunguka, na kila kitu kinaonekana sawa. Lakini karani wa mapokezi hawezi kufungua faili ya mgonjwa hata mmoja, na foleni inarefuka hadi kwenye veranda. Fundi anaitwa. Anakagua kebo, anazima mashine, anaiwasha tena, na ghafla kazi inaendelea. Hakuna alichotengeneza. Wiki mbili baadaye stima inapotea tena, na tatizo linarudi vile vile.

Kisa hicho ni cha mfano, lakini mafundi wanaohudumia shule, zahanati, vyama vya ushirika na saiba watakitambua. Mara nyingi lawama humwendea mtoa huduma ya intaneti, au kebo, au kadi ya mtandao. Hata hivyo, kuna chanzo kingine kisichoonekana kwa macho, nacho ni jina. Kompyuta huyapa jina matundu yote inamochomekwa kebo ya mtandao. Majina hayo yakibadilishana mahali, maagizo yote aliyoyaandika fundi huenda kwenye tundu lisilo lake.

Somo hili linaeleza jinsi majina hayo yanavyotolewa kwenye kompyuta zinazotumia mfumo endeshi wa Linux, ambao ndio unaoendesha seva nyingi. Baada ya kulisoma, mkazi ataweza:

• kueleza kwa nini majina ya zamani kama eth0 na eth1 yangeweza kubadilishana;
• kueleza jinsi taarifa za fimuwea zinavyosaidia kutoa majina yasiyoyumba;
• kusoma jina kama eno1, ens2 au enp3s0 na kujua linamaanisha nini;
• kutambua hali ambazo jina linaweza kubadilika bado, na namna ya kujikinga;
• kumuuliza fundi maswali yanayofaa kabla ya kupokea kazi.

TUNDU NA KIOLESURA

Nyuma ya seva kuna matundu ya kuchomeka kebo za mtandao. Hayo ndiyo anayoyaona mtu. Ndani ya mfumo endeshi, kila tundu linawakilishwa na kitu kinachoitwa kiolesura cha mtandao. Fundi anapoandika maagizo haandiki "tundu la kushoto" au "lile lenye kebo ya bluu". Anaandika jina la kiolesura: huyu apewe anwani hii, yule aruhusiwe kupitisha hiki, mwingine azuiwe.

Kompyuta ya kawaida ya nyumbani huwa na tundu moja tu, na pengine Wi-Fi. Huko jina halina uzito mkubwa, kwani hakuna wa kubadilishana naye. Mambo huanza kuwa mazito seva inapokuwa na matundu mawili, manne au zaidi, kila moja likiwa na kazi yake.

MAJINA YA ZAMU

Kwa miaka mingi Linux ilitoa majina kwa njia rahisi. Mashine inapowaka, kiini cha mfumo huanza kutafuta kadi za mtandao zilizomo. Kadi ya kwanza kupatikana huitwa eth0, ya pili eth1, ya tatu eth2. Herufi "eth" ni kifupisho cha Etheneti, yaani aina ya mtandao wa kebo unaotumika zaidi maofisini. Nambari ni zamu tu.

Ni sawa na soko la wazi lisilo na vibanda vilivyopigwa nambari. Anayefika alfajiri wa kwanza anaandikwa nambari 0, wa pili nambari 1. Kwa muda mrefu mambo yanakwenda vizuri kwa sababu muuza nyanya anaishi karibu na hufika kwanza, na muuza samaki hufika wa pili. Afisa wa mapato anazoea: 0 ni nyanya, 1 ni samaki. Halafu siku moja mvua inamchelewesha muuza nyanya. Zamu inageuka. Risiti ya samaki inaandikiwa nyanya, na hakuna aliyedanganya wala kukosea. Kosa liko kwenye mpango wenyewe, uliochukua zamu ukaifanya kuwa utambulisho.

Ndani ya kompyuta, "mvua" hiyo ni nini? Kila aina ya kadi huhitaji programu ndogo ya kuiendesha, inayoitwa draiva. Mfumo wa kisasa haupakii draiva moja baada ya nyingine kwa mstari. Hupakia kadhaa kwa wakati mmoja ili mashine iwake haraka. Kadi mbili za watengenezaji tofauti, zenye draiva tofauti, hujikuta katika mashindano. Tofauti ndogo sana ya muda inatosha kumfanya wa pili awe wa kwanza. Ndiyo maana mashine inaweza kuwaka mara 20 bila tatizo, na mara ya 21 ikageuza majina.

HATARI HALISI

Seva nyingi zinazounganisha ofisi na intaneti huwa na pande mbili. Tundu moja hutazama nje, kwa mtoa huduma ya intaneti. La pili hutazama ndani, kwa kompyuta za wafanyakazi. Kati ya pande hizo fundi huweka kanuni za ulinzi: kinachotoka nje kizuiwe isipokuwa kile kilichoruhusiwa; kinachotoka ndani kiaminiwe.

Kanuni hizo huandikwa kwa kutaja majina ya violesura. Majina yakigeuka, kanuni hazijui. Zinaendelea kumwamini "eth1", ijapokuwa eth1 wa leo ndiye mlango wa nje. Mara nyingi matokeo ni mtandao kukwama, na huo ni usumbufu mkubwa lakini angalau unaonekana. Hali mbaya zaidi ni pale mtandao unapoendelea kufanya kazi, huku mlango uliopaswa kufungwa ukiwa wazi na ule wa wafanyakazi ukiwa umefungwa nusu.

Kwa taasisi inayohifadhi rekodi za wagonjwa, wanafunzi au wanachama wa sako, hilo si jambo la fundi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka yeyote anayeshughulikia data binafsi za watu achukue hatua za kiufundi na za kiutawala ili kuzilinda. Kanuni ya ulinzi iliyoandikwa vizuri lakini imefungwa kwenye jina linaloyumba ni kufuli imara kwenye mlango usiojulikana.

DAWA YA KWANZA NA MADHARA YAKE

Wataalamu wa Linux waliliona tatizo mapema. Jaribio la awali lilikuwa kutumia anwani ya MAC, yaani nambari ya utambulisho ambayo kiwanda huipa kila kadi ya mtandao. Mfumo uliandika kwenye faili iliyoitwa 70-persistent-net.rules kwamba kadi yenye anwani hii ni eth0, na yenye anwani ile ni eth1. Kila mashine ilipowaka, faili ilisomwa na majina yakapangwa upya.

Dawa hiyo ilisaidia, lakini ilikuwa na madhara. Kwanza, kadi ikiungua kwa radi na fundi akaweka mpya kwenye nafasi ile ile, mpya ina anwani nyingine ya MAC. Mfumo uliiona kama mgeni, ukaipa eth2, na maagizo yote ya eth0 yakabaki yakimsubiri marehemu. Pili, mtu aliyenakili diski ya seva moja na kuiweka kwenye nyingine alinakili pia ile faili, na mashine mpya ikaamka bila eth0. Tatu, kugeuza majina ndani ya kundi lile lile la eth kulileta migongano: mfumo ukitaka kumpa mmoja jina la eth1 wakati kiini kimekwisha kumpa mwingine jina hilo hilo, mmoja hubaki njiani na jina la muda.

Tukirudi sokoni, mpango huo ulikuwa sawa na kugawa nafasi kwa nambari ya kitambulisho cha mfanyabiashara. Akihama na kumwachia mwanawe biashara, mwana hatambuliki, hata kama meza, bidhaa na wateja ni wale wale.

FIMUWEA INAJUA NINI?

Suluhisho bora likatafutwa mahali pengine, kwenye ramani ya mashine yenyewe. Ndani ya kila kompyuta kuna chipu kwenye bodi kuu iliyohifadhi programu ya kwanza kabisa kuamka mtu anapobonyeza kitufe cha kuwasha. Programu hiyo ndiyo fimuwea. Kwenye kompyuta za zamani iliitwa BIOS. Kwenye za sasa ni UEFI, ingawa mafundi wengi bado huiita BIOS kwa mazoea.

Fimuwea huandaliwa na mtengenezaji wa mashine, na mtengenezaji anajua alichojenga. Anajua kwamba tundu lililochapishwa nambari 1 nyuma ya kasha limeunganishwa na chipu fulani. Anajua ni matundu gani yako kwenye bodi yenyewe, na ni nafasi zipi zimeachwa wazi kwa kadi za kuongeza. Taarifa hizo huwekwa kwenye majedwali yaliyopangwa kwa kiwango kinachoitwa SMBIOS, ambacho mfumo endeshi unaweza kuyasoma. Jedwali la aina ya 41 huorodhesha vifaa vilivyo kwenye bodi na nambari zake. La aina ya 9 huorodhesha nafasi za kadi. Njia nyingine ya kupitisha nambari hizo ni ACPI, utaratibu ambao fimuwea huutumia kuueleza mfumo endeshi kuhusu vifaa vilivyomo.

Kwa maneno mengine, ramani ya soko ilikuwepo muda wote. Vibanda vilikuwa vimepigwa nambari ukutani na mjenzi. Kilichokosekana ni afisa wa kuangalia ukuta badala ya kuangalia nani amefika kwanza.

KUTOKA BIOSDEVNAME HADI SYSTEMD

Kampuni ya Dell, inayotengeneza seva, iliandaa programu iitwayo biosdevname iliyosoma taarifa za fimuwea na kuzigeuza kuwa majina. Mwaka 2011 mfumo wa Fedora 15 ulianza kuitumia bila kusubiri mtumiaji aichague. Tundu la kwanza kwenye bodi kuu likawa em1, la pili em2. Kadi iliyochomekwa kwenye nafasi ya 3, tundu lake la kwanza, ikawa p3p1. Fundi aliyesimama nyuma ya seva aliweza kulinganisha nambari iliyochapishwa kwenye kasha na jina kwenye skrini.

Mpango huo ulitegemea mno fimuwea kusema kila kitu. Mashine isiyo na taarifa hizo haikufaidika. Mwezi wa Januari 2013, systemd, ambayo ni programu inayosimamia uwashaji na huduma katika mifumo mingi ya Linux, ilitoa toleo lake la 197 likiwa na mpango mpana zaidi. Mpango huo hupanda ngazi kwa ngazi:

1. Je, fimuwea imetoa nambari ya tundu lililo kwenye bodi? Kama ndiyo, itumike.
2. Kama hapana, je, fimuwea imetaja nambari ya nafasi ambako kadi imechomekwa? Itumike.
3. Kama hapana, itumike njia ya kadi ndani ya mashine, yaani mahali ilipounganishwa kwenye mfumo wa nyaya za ndani uitwao PCI.
4. Yote yakishindikana, jina la zamani la kiini linabaki.

Anwani ya MAC nayo inaweza kutumika kutengeneza jina, lakini kwa kawaida haimo kwenye ngazi hizo. Mpango huu uliingia Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka 2014, Ubuntu 15.10 mwaka 2015 na Debian 9 mwaka 2017. Ndiyo maana fundi aliyesomea eth0 chuoni alishangaa siku moja kukuta enp3s0 kwenye skrini na kudhani mashine imeharibika.

JINSI YA KUSOMA JINA

Jina jipya halivutii kwa sura, lakini husomeka kama anwani. Herufi mbili za kwanza hutaja aina ya mtandao:

• en – Etheneti, mtandao wa kebo
• wl – Wi-Fi
• ww – modemu ya mtandao wa simu

Herufi inayofuata hutaja chanzo cha jina:

• o – tundu lililo kwenye bodi kuu, kwa nambari ya fimuwea. Mfano: eno1 ni tundu la kwanza la bodi.
• s – nafasi ya kadi, kwa nambari ya fimuwea. Mfano: ens2 ni kadi iliyo kwenye nafasi ya 2.
• p – njia ya PCI. Mfano: enp3s0 ni kadi iliyo kwenye basi la 3, nafasi ya 0. "Basi" hapa ni njia ya ndani ya kupitishia data.
• x – anwani ya MAC, ikifuatwa na tarakimu na herufi zake 12.

Kadi moja ikiwa na matundu kadhaa, herufi f huongezwa mwishoni ikifuatwa na nambari. Hivyo enp3s0f0 na enp3s0f1 ni matundu mawili ya kadi moja.

Kuna mtego mmoja wa hesabu. Amri ya lspci, inayoorodhesha kadi zilizomo, huonyesha nambari ya basi kwa hesabu ya kumi na sita, ilhali jina la kiolesura hutumia hesabu ya kawaida ya kumi. Kadi inayoonyeshwa na lspci kuwa 19:00.0 itaitwa enp25s0, kwa kuwa 19 ya hesabu hiyo ni 16 mara moja kujumlisha 9. Fundi asipojua hilo atatafuta enp19s0 hadi jioni.

Mtego mwingine ni wa modemu na simu zinazounganishwa kwa USB. Katika Debian na Ubuntu, vifaa vya mtandao vya USB hupewa jina la MAC, lenye enx. Baadhi ya simu hubadilisha anwani ya MAC kila zinapounganishwa ili kugawa intaneti. Kwa hiyo jina nalo hubadilika kila mara, na maagizo ya jana hayamfikii mgeni wa leo.

JINA LA MAHALI NALO LINA MIPAKA

Ni vizuri kuelewa ahadi iliyotolewa. Jina la mahali halisemi "hii ndiyo kadi ile ile". Linasema "hapa ndipo mahali pale pale". Hiyo ndiyo faida yake, kwani kadi iliyoungua ikibadilishwa na nyingine ya aina hiyo kwenye nafasi ile ile, jina hubaki na huduma huendelea. Lakini mahali penyewe pakibadilika, jina pia hubadilika. Hali zifuatazo zinahitaji uangalifu.

Kuongeza kifaa kingine. Majina ya njia ya PCI, yale yenye herufi p, hutegemea jinsi mabasi yalivyohesabiwa mashine ilipowaka. Fundi akiongeza kadi ya picha au diski ya NVMe, hesabu inaweza kusogea na enp3s0 ikawa enp4s0. Ni kama kujenga safu mpya ya vibanda langoni. Anayehesabu kutoka langoni atapata nambari tofauti kwa kibanda ambacho hakijasogea hata inchi moja.

Fimuwea yenye makosa. Ramani ni nzuri ikiwa mchoraji alikuwa makini. Baadhi ya bodi huyapa matundu mawili nambari moja, au hutoa nambari zisizolingana na zile zilizochapishwa kwenye kasha. Mfumo endeshi hauna njia ya kwenda nyuma ya mashine kuhakiki kwa macho.

Kusasisha fimuwea au mfumo. Toleo jipya la fimuwea linaweza kuanza kutoa taarifa ambayo la zamani halikutoa. Papo hapo kiolesura kinapanda ngazi: kilichoitwa enp3s0 kinaamka kikiwa eno1. Systemd yenyewe nayo imekuwa ikirekebisha kanuni zake. Kwa sababu hiyo, tangu toleo la 240 fundi anaweza kuiagiza mashine ibaki na kanuni za toleo fulani kwa kutumia mpangilio wa net.naming-scheme.

Seva za mtandaoni zinazokodishwa. Huko "bodi" na "nafasi" ni za kuigiza, nazo hupangwa na programu inayoendesha mashine hizo. Majina kama ens3, ens33 au ens160 ni ya kawaida. Seva ikihamishwa kwa mtoa huduma mwingine, mahali pake pa kuigiza hubadilika pia.

HATUA KWA FUNDI

Fundi anayepokea seva yenye matundu mawili au zaidi anaweza kufuata hatua hizi.

Kwanza, aorodheshe majina kwa amri ya ip link. Aandike kila jina na anwani yake ya MAC kwenye daftari la mashine.

Pili, ajue jina limetoka wapi. Amri ya udevadm info /sys/class/net/eno1 (aweke jina la kiolesura chake) huonyesha majina yote ambayo kiolesura kingeweza kupata: la bodi, la nafasi, la njia na la MAC. Likiwepo la bodi au la nafasi, fimuwea imesema. Likiwepo la njia tu, fimuwea imenyamaza na tahadhari iongezwe.

Tatu, alinganishe jina na tundu halisi. Amri ya ethtool -p eno1 10 humulika taa ya tundu hilo kwa sekunde 10 ikiwa kadi inakubali. Akishaliona, abandike kibandiko juu ya tundu: jina, na kazi yake.

Nne, akague kama mpango umezimwa. Amri ya cat /proc/cmdline ikionyesha net.ifnames=0, mtu aliyetangulia alirudisha majina ya zamu. Kwenye kompyuta yenye tundu moja hilo halina madhara makubwa. Kwenye seva yenye pande mbili, ni kuirudisha ile hatari ya mwanzo.

Tano, kwa mashine zenye kazi nyeti, atoe majina yake mwenyewe. Atengeneze faili kama /etc/systemd/network/10-nje0.link na kuandika humo:

[Match]
MACAddress=00:00:5e:00:53:01

[Link]
Name=nje0

Anwani hiyo ni ya mfano. Fundi aweke ya kadi yake. Faili ya pili inaweza kutaja ndani0. Majina ya namna hiyo yana faida kubwa: atakayefungua kanuni za ulinzi miaka mitatu baadaye ataelewa mara moja upande wa nje ni upi. Jina lisizidi herufi 15, na lisiwe la kundi la eth, kwani kiini huenda kimekwisha kulitoa kwa mwingine. Katika Debian na Ubuntu, amri ya update-initramfs -u ifuate kabla ya kuwasha upya. Akumbuke pia kwamba amerudi kwenye MAC: siku kadi itakapobadilishwa, faili hii ibadilishwe pamoja nayo, na jambo hilo liandikwe kwenye daftari.

Sita, asibadilishe majina akiwa mbali. Akiwa ameingia kwenye seva kupitia mtandao ule ule anaoubadilisha jina, kosa dogo litamfungia nje. Kazi hii ifanywe mbele ya mashine, kukiwa na skrini na kibodi.

Saba, azime na kuwasha mara kadhaa kabla ya kukabidhi. Mashine iliyowaka vizuri mara moja haijathibitisha chochote.

KWA ASIYE FUNDI

Mwanachama wa bodi ya shule, kamati ya zahanati au chama cha ushirika hahitaji kujua amri hizo. Anahitaji maswali manne siku ya kupokea kazi:

1. Matundu ya seva yamebandikwa majina na kazi zake?
2. Orodha ya majina hayo imo kwenye daftari linalobaki ofisini, au imo kichwani mwa fundi?
3. Seva imezimwa na kuwashwa mara ngapi mbele yetu, na huduma zote zikarudi?
4. Kadi ikiungua au mashine ikiongezewa kifaa, ni nini kitakachohitaji kubadilishwa?

Fundi mzuri hatakasirishwa na maswali hayo. Atafurahi kwamba kazi yake itaeleweka hata siku ambayo hatapatikana kwa simu.

MASWALI YA KUJIPIMA

a) Seva ina kadi mbili za watengenezaji tofauti na hutumia majina ya eth. Kwa nini majina yanaweza kugeuka bila mtu kuigusa?

b) Kiolesura kinaitwa ens2f1. Jina linasema nini?

c) Amri ya lspci inaonyesha kadi kwenye 0a:00.0, na fimuwea haijatoa nambari yoyote. Jina litarajiwe kuwa lipi?

d) Kadi iliyoungua imebadilishwa na nyingine ya aina ile ile kwenye nafasi ile ile. Ni mpango upi utakaohifadhi jina: wa mahali au wa MAC?

Majibu: (a) Draiva hupakiwa kwa wakati mmoja na zamu ya kupatikana hubadilika. (b) Ni Etheneti, kadi iko kwenye nafasi ya 2 kwa nambari ya fimuwea, tundu lenye nambari 1, ambalo ni la pili kwa kuwa hesabu huanza na 0. (c) enp10s0, kwa kuwa 0a ya hesabu ya kumi na sita ni 10. (d) Wa mahali.

Zahanati ya mfano iliyotajwa mwanzoni haikuhitaji seva mpya, wala kebo mpya, wala kubadilisha mtoa huduma. Ilihitaji matundu mawili yenye majina yasiyotegemea nani ameamka kwanza, vibandiko viwili, na ukurasa mmoja kwenye daftari. Stima itapotea tena. Ikirudi, mlango wa nje utabaki wa nje, na wa ndani utabaki wa ndani.